Miguu ya Lamu, Sakafu ya Orlando

Mtu wa Lamu ukimwambia ajizoeze kutembea, atakucheka, na ana haki. Mji wetu hauna magari ya kupita mitaani. Kuna vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo hawapishani, lazima mmoja arudi nyuma. Chuoni tumekwenda kwa miguu, sokoni kwa miguu, harusini na mazikoni kwa miguu, na wakati wa Maulidi tunafuata zefe mpaka nyayo zinawaka. Basi kakangu anayeishi Florida alipotualika likizo ya Agosti, mimi, wanangu na shangazi yetu, akaahidi kutupeleka kwenye bustani za burudani za Walt Disney World, karibu na mji wa Orlando, wosia aliotuma ulimuudhi shangazi. Hakutaja nguo wala vitafunio. Alisema tu, "Anzeni kutembea mapema."

"Huyu ndiye wa kunifundisha kutembea?" shangazi akasema. "Yeye alifunzwa na nani kama si mimi?"

Mimi nilikuwa upande wa kakangu, ingawa sikulisema siku hiyo. Sababu ni kwamba nimekaa nikauchunguza mwendo wetu, na nimeona kuwa sisi hatutembei sana. Tunatembea mara kwa mara, na hayo ni mambo mawili mbalimbali. Chukua siku ninapotoka mtaa wa Langoni kwenda mtaa wa Mkomani kumjulia hali mgonjwa. Ukifuata Usita wa Mui, njia kuu ya mji, bila kusimama, hakufiki mwendo wa nusu saa. Lakini nani anafuata Usita wa Mui bila kusimama? Nimeingia dukani kuuliza bei ya mchele. Nimeketi kwenye baraza ya jamaa, nikaulizwa hali ya watoto mmoja baada ya mwingine. Nimejibanza ukutani kupisha punda wa mchanga. Nikifika kwa mgonjwa natandikiwa mkeka na kuletewa kahawa. Ukijumlisha yote, miguu imefanya kazi kidogo na imepumzika sana. Na si bahati. Wazee waliojenga nyumba za mawe waliweka baraza mbili nje ya mlango, huku na huku, na mlango unaofuata hauko mbali. Mji mzima umejengwa kwa kumfikiria mtu anayechoka.

Kule hakuna baraza. Mabenchi yapo, ila saa sita mchana kila benchi lina mtu na gari la mtoto na mifuko. Na masafa yenyewe hayaonekani kwenye ramani. Chukua Magic Kingdom, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Wengi wanaokuja kwa gari wakishaegesha hawajafika bado: wanavuka ziwa kwa feri au wanalizunguka kwa treni ya reli moja, ndipo waukute mlango. (Wanangu walifurahi sana kuona kuwa hata huko lazima uvuke maji, kama unaposhuka uwanja wa ndege wa Manda.) EPCOT, ya mwaka 1982, ina ziwa lililozungukwa na mabanda ya nchi 11, kuanzia Meksiko mpaka Kanada, na kulizunguka mara moja, bila kuingia popote, ni karibu kilomita 2. Ongeza kwenda choo, kurudi kumtafuta mtoto aliyesahau kofia, kukatiza bustani nzima kwa sababu foleni ya upande wa pili imepungua. Kilomita 10 au 15 kwa siku ni jambo la kawaida, na kesho yake unaanza tena.

Hata hivyo, ukiniuliza, kilomita si tatizo kubwa. Tatizo ni kusimama. Mchezo wa dakika chache unaweza kuusubiri saa nzima, na foleni ile haitembei wala haikai. Unasogea hatua mbili, unasimama. Unapotembea, misuli ya mashavu ya miguu hujikaza na kulegea, na kila inapojikaza husukuma damu kuipandisha kuelekea moyoni. Unaposimama kimya kazi hiyo husita, damu na majimaji hutuama chini, miguu inavimba, kiuno kinauma, na mwingine huona kizunguzungu. Ndiyo maana mtu anaweza kutembea mpaka kijiji cha Shela na kurudi akacheka, kisha asimame jikoni kwenye shughuli ya harusi kwa muda huohuo akalala hoi.

Sakafu nayo ina lake. Bustani ya kwanza ya Disney, ile ya Anaheim huko California, ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955 kwenye joto kali, na lami ilikuwa mpya kiasi kwamba visigino vya viatu vya wanawake vilizama. Mafundi wa mabomba walikuwa wamegoma, muda ukawa mfupi, Walt Disney akachagua vyoo vimalizwe kwanza. Kwa hiyo mabomba mengi ya maji ya kunywa yalikuwa makavu. Siku hizi maji yapo na lami imeshika. Imeshika kweli. Ni zege na lami kutoka asubuhi mpaka fataki za usiku, hakuna mchanga, hakuna udongo, na mguu uliozoea ndara kwenye vichochoro vifupi hauna habari na jambo hilo.

Mazoezi, basi. Watu wengi wakisikia mazoezi ya kutembea wanafungua simu kuhesabu hatua 10,000. Namba hiyo si amri ya daktari. Ilienea kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, na ilichaguliwa kwa biashara. Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha Shirika la Afya Duniani: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kukufanya upumue kwa nguvu kidogo lakini bado uweze kuzungumza, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku 2. Huo ni msingi wa afya ya kila siku. Kwa anayekwenda kushinda amesimama, msingi huo ni pa kuanzia tu.

Tulianza na njia ya Shela. Kutoka gatini ni kama kilomita 3, dakika 40 au zaidi kidogo kwa mwendo wa kawaida, na lazima uangalie maji kwanza, maana yakijaa, hasa siku za bamvua, kuna sehemu bahari inaifuata njia mpaka ukutani. Sharti nililoweka lilikuwa moja: hakuna kukaa. Hilo ndilo lililotushinda mwanzo, na halikutushinda kwa uchovu. Kumpita mtu barazani saa kumi na moja jioni bila kukaa hata kidogo ni kumvunjia heshima, na kumweleza kwamba unajizoeza kwa ajili ya kwenda kupanda bembea Marekani ni kumpa habari ya kusimulia mwezi mzima. Tukahamia baada ya sala ya alfajiri. Watu wachache, jua dogo, na punda wenyewe bado hawajaanza kazi.

Utaratibu ulikuwa wa polepole. Kwanza kwenda Shela na kurudi kwa boti. Kisha kwenda na kurudi kwa miguu. Kisha asubuhi na jioni siku hiyohiyo, kwa sababu bustanini siku haiishi kwa mwendo mmoja: unatembea, unakula, na miguu ikishapoa unaambiwa inuka. Mwisho tukaunganisha siku, leo na kesho na keshokutwa. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Mwendo mrefu mara moja kwa wiki unakupa sifa, lakini mguu wa safari hii unapimwa asubuhi ya siku ya pili, ukishuka kitandani. Kama hatua za kwanza zinakuchoma chini ya kisigino kisha maumivu yanapungua ukizidi kutembea, ule utando mgumu unaoshikilia upinde wa wayo umelalamika, na dawa yake ni kupunguza mwendo na kuunyosha, si kuukaidi. Mwanangu mkubwa alitaka kuonyesha ubabe akapandisha masafa kwa ghafla. Alikaa siku kadhaa akipandisha ngazi kwa kushika ukuta.

Watu walinishauri tufanyie mazoezi kwenye mchanga, ufuo wa Shela umejaa tele, kilomita 12 za kwenda na macho yako. Sikukataa kabisa. Mchanga mkavu hula nguvu mara mbili au zaidi ya ardhi ngumu kwa mwendo uleule, na vifundo vya miguu vinapata kazi nzuri. Lakini mchanga unaupokea mguu kwa upole. Sisi tulikuwa tunakwenda kwenye zege, kwa hiyo mchanga tuliufanya kiungo tu, na chakula chenyewe kikawa ile njia iliyosakafiwa mbele ya mji, huku na huku, mpaka wanangu wakajua kila mashua iliyofungwa pale kwa jina.

Kwa misuli, nyumba zetu zinatosha. Ngazi za nyumba za mawe ni ndefu na za wima, na hakuna kifaa bora zaidi. Simama kwenye ukingo wa kidato kwa nusu ya mbele ya mguu, shika ukuta, panda kwa ncha za vidole, kisha shuka taratibu mpaka kisigino kipite chini ya kidato. Kushuka taratibu ndiko kwenye faida. Kuinuka na kuketi kwenye kiti bila kushika kitu kunaimarisha mapaja. Na kuna jambo nililoliwazia nikiwa kwenye mswala: kikao cha tahiyatu, unapousimamisha mguu wa kulia na kuvikunja vidole vielekee kibla, ni kuunyosha ule utando wa wayo hasa. Tumepewa zoezi mara tano kwa siku na tunalipita haraka.

Kusimama nako tulikufanyia mazoezi, na ndilo zoezi lililochekwa zaidi. Jioni, badala ya kukaa tukizungumza, tulizungumza tumesimama. Mbinu ni ndogondogo: hamisha uzito mguu mmoja hadi mwingine, legeza magoti usiyafunge, inuka kwa vidole kila baada ya muda, kunja na kukunjua vidole ndani ya kiatu. Mkeo au mumeo atadhani una haja ndogo. Vumilia.

Viatu ni suala ambalo siwezi kulipita mbio. Makubadhi ni mazuri, ndara ni nzuri, lakini si kwa siku ya saa kumi na mbili juu ya lami. Nilikwenda kununua raba Mombasa, na nikaenda jioni kwa makusudi, maana mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kinachokutosha asubuhi kitakubana magharibi. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole chako kirefu, pima na soksi utakazovaa, simama usikae. Muuza duka akikwambia kitapanuka, mrudishie. Kisha kivae nyumbani wiki kadhaa kabla. Kiatu kipya siku ya safari ni malengelenge yaliyolipiwa.

Na malengelenge yanatokana na vitu vitatu vikikutana: msuguano, joto na unyevu. Sisi Waislamu tuna mtihani wetu hapo, tunatia udhu, tunaosha miguu, tunarudisha mguu wenye maji ndani ya soksi na kiatu kilichofungwa. Nilibeba taulo dogo na soksi za akiba kwenye mkoba, na kila mtu aliamriwa akaushe baina ya vidole kabla ya kuvaa. Habari ya kupangusa juu ya soksi au khofu (soksi za ngozi) muulize shekhe wako, mimi si mjuzi wa hayo. Soksi za pamba tupu hushika maji zikakaa nayo. Zilizochanganywa nyuzi zinazokauka haraka ni bora. Ukihisi mahali panapata moto, simama papo hapo ubandike plasta, usingoje ufike mwisho wa foleni. Kwa wanawake wenzangu wanaovaa buibui, suruali nyepesi ya kushika mwili ndani itakuokoa na michubuko ya mapaja, ambayo haizungumzwi lakini imewarudisha wengi hotelini.

Mwenye kisukari asome hapa mara mbili. Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, mtu akakanyaga kitu au akapata jeraha asihisi. Aangalie nyayo zake kila usiku, kwa kioo akishindwa kuinama, akung'ute kiatu kabla ya kukivaa, asitembee pekupeku, na amwone daktari wake kabla hajanunua hata tikiti.

Joto lilinipa wasiwasi wa aina yake. Watu hudhani sisi wa pwani tumelizoea, na kweli, lakini Agosti hapa ni msimu wa kusi, upepo unavuma, mtu anajifunika shuka usiku. Orlando mwezi huo hufika nyuzijoto 33 na unyevu mwingi, na alasiri mvua ya radi ikinyesha, jua linatoka tena na ardhi inatoa mvuke. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kulizoea joto: unajifunza kutoa jasho mapema na kupoteza chumvi kidogo. Kwa hiyo siku za mwisho tulihamisha baadhi ya matembezi saa nane mchana, mafupi, kofia kichwani na maji mkononi. Shangazi, mwenye dawa za presha, hatukumtia kwenye hayo. Baadhi ya dawa hizo humtoa mtu maji na daktari wake alisema aende asubuhi tu. Kule bustanini waliruhusu tuingie na chupa zetu na chakula chetu, na migahawa ya kuagizia kaunta hukupa kikombe cha maji ya barafu bila malipo ukiomba. Tulibeba tende. Hazipondeki kirahisi, hazihitaji sahani.

Wiki ya mwisho tulipunguza mwendo kwa nusu. Ndege ilikuwa ndefu, tukainuka kila baada ya muda kutembea ujiani, na tulipofika, saa zikiwa nyuma kwa 7, hatukwenda bustanini kesho yake. Kakangu alikuwa amepanga twende. Nilimwambia apange upya. Hapo nitoe onyo moja bila mzaha: baada ya safari ndefu ya ndege, mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, huo si uchovu wa kawaida wa kuukanda kwa mafuta ya karafuu. Nenda hospitali siku hiyohiyo, maana huenda ni damu iliyoganda.

Siku tuliyoingoja kwa hamu ilikuwa ya Animal Kingdom, kubwa kuliko bustani nyingine za pale, iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Ndani yake wamejenga mji wa bandari wa Afrika Mashariki ambao haupo duniani, wanauita Harambe, na waliousanifu waliitazama Lamu. Unaingia unaona kuta zilizochakaa kwa ufundi, plasta iliyobanduliwa kwa makusudi, maandishi ya Kiswahili. Wanangu walikuwa wakipiga picha. Mimi nilikuwa natazama kazi ya ukuta, nzuri sana, lazima niseme, na njia ilikuwa pana mno kuwa yetu. Shangazi alipita mlango hadi mlango akitafuta kitu, kisha akauliza kwa sauti, "Baraza ziko wapi?" Wamechukua kuta na milango, wakamwachia mgeni asimame juani. Nikikutana na wasanifu wake ndilo nitakalowaambia.

Shangazi mwenyewe alitembea vizuri, kwa sababu mwishowe alikuwa amekuja Shela nasi asubuhi nyingi, akijifanya anakwenda kumwona rafikiye. Lakini goti lake ni la miaka mingi, na adhuhuri ikifika linakataa. Bustani hizo hukodisha viti vya magurudumu getini, vya kusukumwa na vya betri. Kakangu alikitaja mara ya kwanza akatazamwa kwa jicho ambalo watu wa kwetu wanalijua. Yeye si mgonjwa, alisema, na hakuvuka bahari ili asukumwe kama gunia. Nikamuuliza: akitoka Langoni na jua limemshinda, si humwita kijana wa punda akapanda? Kuna aliyewahi kumwona mgonjwa juu ya punda? Akanyamaza. Tukakubaliana asubuhi atatembea, na baada ya chakula cha mchana atapanda, na kwamba atapanda kile cha betri ili asisukumwe na mtu.

Alikiendesha kwa mwendo uliotulazimu sisi kukimbia. Siku hizi akina mama wa mtaani wanapopita kwake kuuliza habari za Marekani, hasimulii majumba wala fataki. Anasimulia kile kiti, na mmoja wao ameshaniuliza kama betri yake inaweza kuhimili mchanga wa Shela.